Maini ya Kwenye Friza

Nordvik, Minnesota
14 Januari 1991

Shemeji Myrna,

Habari za huko Arizona kwenye jua lenu? Natumai nyonga yako imeunga vizuri na ile fimbo umeshaitupa. Mimi sijambo, kwa kadiri ya mwanamume aliyeachiwa nyumba nzima peke yake. Ng'ombe hawajambo. Baridi ndiyo imekaza, ukitema mate yanafika chini yameshakuwa kokoto.

Najua unashangaa kuona mwandiko wangu. Miaka yote niliyoishi na dada yako sikukuandikia hata mstari mmoja. Ardis ndiye aliyeandika, mimi nikatia jina chini kama shahidi wa mahakamani. Sasa ametutoka na kalamu imebaki kwangu. Nina swali la jikoni, na hapa Nordvik hakuna wa kumuuliza bila kesho yake swali kufika kanisani.

Swali lenyewe ni maini. Unajua mimi na maini hatujapatana tangu utoto. Kila mwaka tukichinja maksai, Ardis alikuwa akisema, "Maini ni yangu, wewe usiyaguse," nami nikishukuru. Kule kwenye friza ya chumba cha chini, kona ya kushoto, chini kabisa, kulikuwa na rundo la vifurushi vya karatasi nyeupe ya bucha, kila kimoja kimeandikwa MAINI. Nimevikwepa miaka nenda miaka rudi. Jumamosi nikaona bora mbwa afaidi. Kisu kilikataa, nikachukua shoka. Kifurushi kikapasuka vipande vipande sakafuni, na ndani si maini, shemeji. Ni donge bichi la biskuti, limeviringwa kama soseji nene, chokoleti imechungulia kila upande. Ikabidi nimfungie mbwa nje haraka asije akala chokoleti akafa.

Nilikaa kwenye ngazi nikacheka. Halafu nikaacha kucheka. Mwanamke yule alinificha biskuti ndani ya nyumba yangu mwenyewe, kwa jina la kitu pekee nisichokigusa, na ulimi wake haukuteleza hata siku moja. Ndiyo maana wageni wakibisha hodi biskuti zilikuwa zinatokea kama mvua. Nikimuuliza, ananijibu, "Nimezioka ulipokuwa zizini."

Vimebaki vifurushi sita. Nataka kuvioka na sijui kuoka. Nilichokumbuka ni kwamba alikuwa akitoa kitu kwenye friza na kukiacha kwenye baraza la nyuma kilainike. Nami nikakiacha kimoja barazani tangu jioni. Asubuhi kilikuwa kigumu kuliko kilivyotoka. Nilikigonga kwenye ukingo wa meza, meza ikaumia.

Nifanyeje?

Wako,
Shemeji Orrin


Yuma, Arizona
26 Januari 1991

Kwako shemeji yangu mkaidi,

Barua yako imenikuta mzima. Nyonga inaniuma asubuhi tu, ikishapata jua inasahau. Pole na upweke, pole na baridi. Sikuweza kuja kumzika dada kwa sababu ya nyonga hii, na kila nikiamka hilo ndilo la kwanza linalonijia. Kwa hiyo usione haya kuniandikia. Andika hata ukiwa huna la kusema.

Sasa tuje kwenye ujinga wako. Dada alikuwa anaweka madonge barazani mwezi wa kumi, Orrin, siku zile baraza lina ubaridi wa kisima. Baraza la Minnesota mwezi wa kwanza ni friza yenye mlango wa wavu. Umelitoa donge kwenye friza ndogo ukalitia kwenye kubwa. Huyo ndiye mwanamume anayejisifu kwamba hajawahi kupotea njia.

Sikiliza. Jioni toa kifurushi, kiweke kwenye friji, rafu ya chini, na karatasi yake usiibandue. Kitatoa jasho, acha jasho likae nje ya karatasi. Asubuhi kibonyeze kwa kidole gumba. Kikibonyea kidogo lakini bado unahisi baridi ngumu katikati, hapo hapo fungua, kata vipande unene wa kidole kwa kisu chembamba, panga kwenye trei viachane, tia kwenye oveni iliyokwisha kupata moto. Usingoje lilainike lote. Siagi ikiamka kabla ya kuingia motoni, itakimbia.

Na ukila, kula polepole. Nina shida yangu. Mimi nilikuwa mtu wa trekta na baba, dada ndiye aliyekaa jikoni na mama. Biskuti za mama nazijua. Za dada zilikuwa zile zile, lakini zilikuwa na ladha moja ya nyuma, inayokuja ukishameza. Nilimuuliza kila Krismasi. Alikuwa ananijibu, "Nikizeeka nitakwambia." Amekufa hajazeeka. Hakuandika popote, alipima kwa kiganja. Kwa hiyo hivyo vifurushi vikiisha, hakuna mtu aliye hai anayejua kuzitengeneza.

Niambie ulimi wako unasema nini. Mimi huku sina cha kuonja.

Shemeji yako,
Myrna


Nordvik
8 Februari 1991

Shemeji,

Salamu zako nimezipokea, matusi nayo nimeyapokea. Huku tu wazima. Ng'ombe mmoja amezaa pacha, wote wanasimama.

Barua yako ilinikuta nimeshaharibu. Sikuwa na subira. Kile kifurushi cha barazani nilikiweka juu ya jiko la kuni kipate joto, nikatoka kwenda kukamua. Niliporudi siagi ilikuwa imeshuka ubavuni mwa jiko. Nilichobaki nacho nikakikusanya kwenye trei, nikakitia kwenye oveni. Ikatoka biskuti moja, kubwa kama kifuniko cha pipa, pembeni mkaa na katikati uji. Niliila yote kwa kijiko, maana ilikuwa yake.

Cha pili nikafuata maneno yako. Friji, rafu ya chini, karatasi yake mwilini. Asubuhi nikakibonyeza, na nakwambia, nilikielewa. Ni kama shamba mwezi wa nne. Ukiingia na jembe barafu haijatoka ardhini, unavunja jembe. Ukingoja mpaka tope, trekta linazama. Kuna siku moja au mbili katikati, na mkulima anazijua kwa kisigino cha kiatu. Kama mtu angeniambia hivyo tangu mwanzo ningekuwa mwokaji mashuhuri.

Zikatoka, Myrna. Kahawia pembeni, laini katikati, na nyumba ikanukia kama alikuwepo. Nililia nimesimama na glavu za oveni mikononi. Nakwambia wewe tu.

Sasa ladha. Mbele kuna sukari, ile ya kahawia. Kuna chumvi. Kuna oti, nimezisikia kwenye jino. Halafu ukishameza, ndiyo hiyo unayoisema. Ni uchungu, lakini uchungu wenye adabu, unabisha hodi na kuondoka. Nimekula sita nikiutafuta. Sijui jina lake.

Vimebaki vinne. Nimeamua jambo, usinicheke. Nataka nijue kuzitengeneza mwenyewe kabla hivi havijaisha. Sitaki ifike siku niwe nazikumbuka tu.

Shemeji Orrin


Yuma
20 Februari 1991

Orrin shemeji yangu,

U hali gani? Na hao pacha? Mimi mzima, nimetupa fimbo kweli, nimeitundika mlangoni iwatishe wauza vitabu.

Sikucheka. Nilisoma barua yako mara mbili, kisha nikafunga aproni. Uchungu wenye adabu. Nimejaribu asali nyeusi ya miwa, imetoka tamu kupita kiasi. Nimejaribu ganda la chungwa, maana hapa machungwa yanaoza barabarani, likapiga kelele. Nimejaribu jozi zilizokaangwa. Majirani zangu wanene wote wamenenepa zaidi na jibu sina.

Kumebaki kitu kimoja kichwani mwangu, kahawa. Jaribu kahawa kidogo kwenye siagi. Na unikumbushe siku zake za kuoka zilivyokuwa. Alikuwa anafanya nini asichofanya siku nyingine? Wewe ndiye uliyekuwa unakaa pale mezani kama gogo.

Kwa vipimo, anza hivi nilivyoona kwa mama: sukari ya kahawia sawa na siagi kwa uzito, unga mpaka donge liache kubandika vidoleni, oti konzi mbili, yai, chumvi usiionee aibu. Mengine mkono wako utajifunza. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na wewe friza yako ina kina.

Shemeji Myrna


Nordvik
22 Machi 1991

Kwa shemeji Myrna,

Natumai hujambo. Nimechelewa kukujibu kwa sababu nilitaka nije na habari, siyo na udhuru.

Kahawa niliijaribu mara ile ile. Tangu Ardis aondoke nakunywa ile ya kopo, unakoroga na maji ya moto basi. Nikatia kijiko kwenye siagi. Zilitoka chungu kama dawa ya minyoo. Nilimpa ndama mmoja, akanitazama kama nimemtukana mama yake. Nikaoka kifurushi kimoja chake siku hiyo hiyo ili nizilinganishe, na ilikuwa kama kumsimamisha mtoto wa kwaya karibu na mlevi. Nikaona tumekosea.

Halafu wiki iliyopita tukamzika mzee Halvor Brandsrud. Tulipotoka kaburini tukashuka kwenye chumba cha chini cha kanisa kula, na akina mama wakamimina ile kahawa ya yai, unaikumbuka, wanavyoponda yai zima na ganda lake kwenye kahawa kabla ya kuchemsha, ikatoka angavu kama chai na haina ukali. Nilimeza funda moja nikainamia kikombe. Mchungaji alidhani ni msiba. Ilikuwa ni ile ladha, shemeji. Ile ya nyuma.

Ardis alikuwa anachemsha hivyo hivyo nyumbani kila asubuhi. Na umeniuliza alikuwa anafanya nini siku za kuoka. Nitakwambia. Alikuwa ananipokonya kikombe. Sijamaliza, yeye anakichukua mkononi mwangu na kusema, "Ng'ombe hawajikamui wenyewe, Orrin." Nilikuwa natoka nimenuna. Nilidhani amechoka kuniona mezani. Miaka yote hiyo baki la kikombe changu lilikuwa linakwenda kwenye bakuli lake.

Nikachemsha kahawa ya yai, nikaiacha ipoe, nikatia baki la kikombe. Nikakanda, nikaoka saa ile ile. Nikaoka na kifurushi chake kingine pembeni. Ni ndugu sasa, lakini si pacha. Yangu imetanuka, imekuwa nyembamba, na ladha iko juu juu, haijaingia ndani. Nimekosa nini? Vimebaki viwili tu na naogopa kuvigusa.

Orrin, shemeji yako


Yuma
2 Aprili 1991

Ewe Orrin,

Mzima wewe? Mimi mzima, ila barua yako imenitoa machozi mbele ya mtu wa posta, na yule ni mbea.

Kikombe chako. Mimi nilikuwa namuuliza kuhusu viungo, kumbe ningemuuliza kuhusu mumewe.

Sasa soma tena ulichoandika. Ulioka saa ile ile. Dada hakuwahi kuoka donge la siku hiyo hata mara moja, la sivyo vifurushi vya maini vilikuwa vya nini? Donge linataka kulala. Unga unywe siagi, sukari izame, kahawa ipotee humo ndani isionekane tena. Mama alikuwa anaoka siku ile ile kwa sababu tulikuwa wengi na njaa ilikuwa kubwa kuliko sisi. Ndiyo maana zake hazikuwa hivyo. Nimekaa nalifikiria hili tangu jana na bado linanishangaza, kwamba ubaridi unaweza kupika.

Kanda, viringa, funga, tupa kwenye friza, kisha nenda shambani usahau. Usichungulie. Wewe una bahati, unakaa kwenye nchi ambayo imezaliwa kwa kugandisha.

Na hivyo viwili vyake usiviguse mpaka vya kwako viwe tayari.

Shemeji yako anayekungoja,
Myrna


Yuma
19 Mei 1991

Shemeji Orrin,

Salamu sana. Najua ni majira ya kupanda na mwanamume hana mkono wa kushika kalamu, lakini ni wiki nyingi sasa sijasikia neno. Mgonjwa? Trekta limekulalia? Umeoka? Niandikie hata mstari mmoja.

Myrna


Nordvik
30 Mei 1991

Shemeji mpenzi,

Nisamehe kimya. Siumwi. Mahindi yameota, mvua si haba, wale pacha sasa wananisukuma ukutani. Nilikuwa na habari ambayo sikujua niiandikeje, kila nikianza naikunja karatasi.

Nilifanya kama ulivyosema. Mwezi wa nne mwanzoni nilikanda, nikaviringa vifurushi vitatu kwenye karatasi nyeupe ya bucha, nikachukua kalamu yake ya wino kwenye droo na kuandika MAINI kwa herufi kubwa kama alivyokuwa anaandika. Nikavilaza kona ile ile, karibu na vyake viwili. Nilifurahi nilivyoviona pamoja. Siku ya kuzaliwa kwake nilioka kimoja chake, nikala peke yangu, nikabakiza kimoja. Nilijiambia hicho hakitaokwa na mtu. Kitakaa pale mpaka na mimi wanibebe.

Halafu mwezi huu friza ikajaa barafu kwenye kuta mpaka kifuniko hakifungi. Unajua ada ya hapa, kupanda kukiisha unachomoa waya, unatoa kila kitu, unaacha barafu ianguke, unafuta. Ardis alikuwa anafanya hivyo kila mwaka. Nikatoa nyama zote nikaziweka kwenye toroli nje, kivulini, nikafunika kwa mablanketi. Jirani akaja kunililia ng'ombe wake amekwama mtaroni. Nikaenda. Ng'ombe yule alikuwa mnene na mtaro ulikuwa na maji. Niliporudi kivuli kilikuwa kimehama.

Nyama zilisalimika, zilikuwa mafungu makubwa. Lakini vifurushi vya juu vilikuwa vimelowa chapachapa. Karatasi imekwisha kazi, wino umetiririka. Vifurushi vinne, kila kimoja na doa la buluu tu. Nilivipanga mezani nikavigeuza, nikavinusa. Vyote vinene sawa, maana niliiga mkono wake. Vyote vimeshaanza kulainika. Myrna, sikujua kipi ni chake.

Nilikaa pale nikamtukana ng'ombe wa watu. Nikajitukana na mimi. Kitu kimoja nilichobakiza cha mikono yake, nami ndiye niliyekipoteza katikati ya vya kwangu. Na sikuwa na muda wa kuomboleza. Ukishavibonyeza vikabonyea, ama unaoka ama unatupa, huwezi kuvirudisha vikawa vilivyokuwa.

Nikaoka. Trei nne, moja moja, nisizichanganye tena. Nilijiambia ulimi utamjua, ulimi hauwezi kumsahau mtu uliyelala naye nyumba moja miaka yote hiyo. Zikapoa. Nikaonja ya kwanza nikasema, ndiyo hii, huyu ndiye. Nikaonja ya pili nikasema, la, ni hii. Ya tatu nayo hivyo hivyo. Nilipofika ya nne nikaanza tena mwanzo. Nimeuliza ulimi wangu mpaka umechoka na haujui. Zote ni zake. Au zote ni zangu. Nimeketi katikati ya trei nne sijui nimefiwa mara ya pili au nimepona. Kwa kweli nilihisi vyote viwili, na njaa pia.

Ndiyo sababu ya makopo haya manne unayoyapokea pamoja na barua. Kopo moja, trei moja. Wewe ulikula biskuti za Ardis kabla yangu, tangu akiwa msichana wa kuungua vidole. Kama kuna mtu anayeweza kumtambua ni wewe. Onja roho yako iridhike, maana hukupata kumzika.

Lakini ukijua ni lipi, shemeji, nakuomba usiniambie. Hivi nilivyo, kila nikioka nitakuwa nikioka na yeye yumo mojawapo.

Wako kwa mapenzi,
Shemeji Orrin


Yuma
17 Juni 1991

Orrin shemeji yangu,

Nashukuru Mungu u mzima, na mahindi yameota, na ng'ombe wa jirani ametoka mtaroni japo hakustahili. Huku joto limefika, lami inanasa viatu. Nyonga haijaniuma wiki ya tatu hii. Daktari ameniruhusu kukaa kwenye ndege, kwa hiyo nakuja mwezi wa saba, wiki ya pili. Tutakwenda makaburini wote wawili asubuhi kabla jua halijapanda, kisha utanionyesha unavyokanda, nami nitakaa mezani kama gogo.

Makopo yalifika salama, hakuna biskuti iliyovunjika. Nilifunga mlango, nikachemsha kahawa ya yai, nikakaa nayo mchana kutwa. Umeoka vizuri, Orrin. Dada angekuonea wivu, na angekuficha unga.

Uliniomba nisikuambie, basi sikuambii. Nikija nitakuletea makopo yako matatu. La nne sirudishi.

Shemeji yako,
Myrna